Utabiri wa Rangi Mbili

Mume wangu akikaa sebuleni na wageni, utadhani na yeye amekuja kutembea. Anaitikia salamu, anakunywa chai yake, ananyamaza. Lakini mpe brashi na ukuta, atakuambia hata ambayo hukuyauliza. Kazi yake ni kuandika mabango: majina ya maduka, "Kinyozi", "Barafu ipo", "Usiegeshe gari hapa", na namba za simu ambazo wateja huzibadilisha kabla rangi haijakauka. Wanamwita Rangi Mbili kwa sababu alianza kazi na kopo la nyeusi na kopo la nyekundu basi, na mpaka leo, ingawa makopo ya kila rangi yamejaa karakana nzima, ukimwachia achague mwenyewe ataandika kwa nyeusi na kupigia mstari kwa nyekundu. Mimi ni mke wake. Kibanda changu cha kupiga pasi kimeegemea karakana yake, kwa hiyo nimemsikiliza akinyamaza kwa miaka mingi.

Hata hivyo, mabango siyo yaliyompa jina mjini. Mpira ndio uliompa.

Kila mwaka, Jumamosi moja kabla ya ligi ya mji kuanza, anaupaka ukuta wa karakana rangi nyeupe, ukishakauka anasimama mbele yake na kuandika timu zote kumi na mbili vile anavyoona zitakavyomaliza msimu. Anaanza na ya mwisho, anapanda mpaka bingwa. Anaandika kwa rangi ya mafuta, na hafuti. Watu wanakuja na viti vyao kutoka nyumbani. Waliowekwa juu wanamwita fundi wetu, waliowekwa chini wanamtukana kwa adabu, na ukuta unabaki hivyo hivyo msimu mzima, kila apitaye anausoma. Akikosea, siku ya mwisho ya ligi anasimama barabarani wamcheke, na yeye hucheka nao. Tatizo ni kwamba hakosei sana. Hasa kwa zile mbili za chini, zinazoshuka daraja, ana jicho baya. Kuna mwaka aliiweka Umeme mkiani wakati wana wachezaji wapya na viatu vinang'aa. Umeme ikashuka.

"Niliwaona wakigombania maji ya kunywa," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote.

Kwa maana hiyo ndiyo njia yake. Kabla ya msimu anazunguka viwanja vya timu zote, na mabao hayaangalii. Anafika mazoezi yakikaribia kwisha, anasimama pembeni na mikono nyuma. Anaangalia nani anaokota mipira na nani anavua viatu na kutoweka bila kuaga. Anaangalia kipa akifungwa anamgeukia nani. Anaangalia kama kocha akiongea watu wanamtazama kocha au wanazitazama simu zao. Akirudi nyumbani najua ameshapanga kichwani, maana anakula bila kujua anakula nini. Siku moja nilimpa wali wa jana, akanishukuru.

Mwaka huu alizunguka viwanja kumi na kimoja. Cha kumi na mbili hakukikanyaga. Kiwanja hicho ni cha Matofali, timu ya wafanyakazi wa tanuri la matofali, ambayo ndiyo kwanza imepanda daraja, na kocha wake ni binti yetu.

Binti yetu alicheza kiungo timu ya wanawake mpaka goti lilipogoma. Wengine wangeshika tama. Yeye alikwenda kusomea ukocha, akarudi na cheti na filimbi, akawa msaidizi pale Matofali. Kocha aliyewapandisha daraja akapewa ahadi tamu na timu ya mji mwingine, akaondoka mbio, hata kwaheri hakuisema vizuri. Timu ikabaki mikononi mwa binti yetu "kwa muda", kama walivyosema wenyewe. Ahadi zile tamu zikageuka maneno matupu, na sasa yule bwana amerudi, anapitapita mjini na suti yake ya michezo, anasalimia watu asiowajua.

Wiki ile ya mwisho binti yangu alikuja kibandani na kikapu cha jezi za mazoezi. Huwa nawapigia pasi. Jezi ni nailoni, inataka pasi ya vuguvugu na kitambaa juu yake, ukizubaa kidogo umebaki na tundu. Timu haina mfadhili, nikasema angalau isiwe na makunyanzi. Nikaona viganja vyake vimejaa malengelenge.

"Hivi nini?"

"Nilikuwa tanurini na wachezaji, nabeba matofali."

"Umekosa kazi?"

"Nilitaka kuona wanavyofanya." Kisha akasogea karibu. "Mama, nikikuambia kitu, utanyamaza?"

"Mimi? Lini nimewahi kutoa neno la mtu?"

Akanitazama tu. Nikasema, "Haya, nitajitahidi."

Ndipo akanieleza. Mwenyekiti wa Matofali ni yule mwenye duka la mikate, mtu mwema, ila anaogopa maneno ya watu kuliko moto wa jiko lake mwenyewe. Alimwita akamwambia, "Mwanangu, mimi sina tatizo na wewe. Lakini mji mzima unausoma ule ukuta. Baba yako mzazi akikuweka kwenye zile mbili za chini, mimi nitawaambia nini wanakamati? Baba yake mwenyewe hamwamini, mimi nimwamini kwa lipi?" Mambo yakawa wazi: Matofali wakiandikwa kumi na moja au kumi na mbili, Jumapili yake timu inarudishwa kwa kocha wa zamani. Wakiandikwa juu ya hapo, binti yangu anabaki.

"Basi twende tumwambie baba yako sasa hivi," nikasema, na pasi nimeshaiweka chini.

"Hapana, Mama. Akijua ataandika kwa huruma. Sitaki nafasi ya huruma. Aandike anachokiona."

"Lakini hajaja hata kuona!"

"Najua," alisema, na akainamisha uso kwenye zile jezi. Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba mtu kofi, sikujua kipi kianze.

Nikaapa kunyamaza. Kiapo chenyewe kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni hiyo wakati wa kula nilianza mbali.

"Gereji umewaonaje?"

"Wanabishana."

"Na Reli?"

"Wazuri. Wanachoka mapema."

"Na Matofali?"

Akaanza kutafuta chumvi, na chumvi iko mbele yake.

"Sijaenda," alisema mwishoni. "Timu iliyopanda juzi haihitaji kuangaliwa sana, mama watoto. Huwa zinashuka."

"Kwa hiyo utaandika bila kuona?"

"Ndiyo kawaida yake."

"Kawaida ya nani? Yako?"

Akaivuta ile chumvi. Mimi nimelala na huyu mtu chini ya shuka moja nusu ya maisha yangu, namjua. Alikuwa anaogopa. Akienda akakuta mambo hayaendi, itabidi aandike, na mkono utakaoandika ni ule ule uliomshika mtoto akijifunza kutembea. Asipoenda, anaweza kujiambia kwamba ni kawaida tu, kila aliyepanda hushuka, hakuna ubaya. Yaani alikuwa tayari kumweka mwanawe mkiani huku amefumba macho, ili tu asije akamwona akishindwa! Nilipandwa na hasira hata mboga ikanishinda. Lakini nimeapa. Nikajikaza kisabuni, nikaosha vyombo kwa kelele.

Kesho yake mchana jezi zilikuwa tayari, zimekunjwa, zimepangwa kikapuni. Nikashika kiuno.

"Baba watoto, mgongo leo hautaki kabisa. Nisaidie kunibebea huu mzigo mpaka tanurini."

Mgongo wangu hauna kasoro hata moja. Naye, nadhani, alijua. Alikitazama kikapu, akanitazama mimi, akafuta brashi yake kwenye kitambaa taratibu kama mtu aliyeitwa na daktari. Kisha akakibeba.

Uwanja wa Matofali uko nyuma ya tanuri. Vumbi lake ni jekundu, na pembeni yake, badala ya viti, kuna matofali yaliyopangwa yakisubiri gari. Tulipofika walikuwa wanacheza mechi ya mazoezi na wachezaji wa akiba wa Reli, na walikuwa wameshafungwa mawili. Hatujakaa vizuri, beki wao mmoja, jitu la miraba minne wanaloliita Mlango, akatoa pasi mbovu katikati ya uwanja. Mtu wa Reli akaidaka, akakimbia nayo, la tatu likaingia. Wachezaji wetu wakashika vichwa. Mume wangu akashusha kikapu na kuziangalia kamba za viatu vyake. Mimi nikamwomba Mungu ardhi ipasuke, siyo sana, kiasi cha kunitosha mimi na kikapu.

Binti yangu akapuliza filimbi. Nilidhani atafoka. Hakufoka.

"Acheni mpira," alisema. "Twendeni kwenye matofali."

Timu nzima ikatoka uwanjani, ikajipanga mstari kwenye yale matofali yanayosubiri gari, na wakaanza kurushiana, mawili mawili, kutoka mkono hadi mkono, kama wanavyopakia magari kila siku. Watu wa Reli wakakaa chini kucheka. Lakini ukiwatazama wale wanaume wakipakia, unaelewa kwamba hapo kuna kazi. Hakuna anayerusha kabla mwenzake hajafungua viganja. Macho yao hayako kwenye tofali, yako kwenye mikono ya anayepokea. Na hakuna anayeongea.

"Mlango," aliita binti yangu. "Unaweza kumrushia tofali mtu ambaye hajafungua mikono?"

"Haiwezekani, Kocha. Litamvunja mguu."

"Ile pasi yako ulimpa nani?"

Mlango akafikiri, jasho linamtiririka. "Alikuwa amenipa mgongo."

"Basi rudini. Ni matofali yale yale."

Wakarudi. Sasa sikiliza. Kila aliyetaka mpira alifungua viganja vyake kwa chini, hivi, kama anaomba tofali, na asiyefungua hakupewa. Ilikuwa kichekesho, wanaume wazima wanakimbia uwanjani na mikono wazi. Reli walicheka. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu walikuwa wanaukimbiza mpira na hawaupati. Ukitoka kwa huyu unafika kwa yule, unarudi, unapita pembeni, polepole, hakuna papara. Matofali hawakufunga hata bao moja. Mechi iliisha wakiwa wamefungwa yale yale matatu. Lakini mpaka mwisho mpira ulikuwa wao. Mimi sijui mpira, najua pasi, na nakuambia nywele zilinisimama.

Filimbi ya mwisho ilipolia, hakuna aliyeondoka. Waliokota mipira, wakaokota na koni, wakayarudisha na yale matofali mahali pake ili gari likija lisichelewe. Mlango akaja kupokea kikapu, akatusalimia kwa heshima zote na kuomba radhi kwa lile bao la tatu, kama vile tulikuwa tumelipa kiingilio.

Njiani nikamvumilia mume wangu mpaka uvumilivu ukaisha.

"Umeonaje?"

"Jezi umezinyoosha vizuri," alisema.

Kulikuwa na mtaro pembeni. Ilibaki kidogo tu nimsukumie humo.

Jumamosi watu walijaa mpaka barabarani. Mwenye bucha, ambaye ndiye mwenyekiti wa Machinjioni, alikaa mbele kabisa na kiti cha kuegemea, miguu ameinyoosha. Mwenyekiti wa Matofali alisimama pembeni, amejikunyata, na ubavuni kwake, bila haya, yule kocha wa zamani na suti yake ya michezo imefungwa zipu hadi shingoni. Binti yangu alikuwa nyuma ya wote pamoja na Mlango na kipa wao. Mimi nilikuwa kibandani, nimeshika pasi na shati la mwalimu wa hesabu, nimejifanya nina kazi.

Mume wangu akachovya brashi. Akaandika 12. Kelele zikafa. Akaandika M. Akaandika A.

Pasi nikaisahau juu ya shati. Kwa nyuma nilimwona binti yangu amefumba macho. Kocha wa zamani akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeshafika nyumbani.

Halafu brashi ikaandika C.

"Machinjioni!" mtu akapiga ukelele, na umati wote ukalipuka. Mwenye bucha aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Fundi! Nyama yangu unakula miaka yote hii, malipo yake ndiyo haya?"

"Nyama yako nzuri, kaka," alisema mume wangu bila kugeuka. "Timu yako haisikilizani."

"Kuanzia kesho utakula maharage! Shemeji, umesikia? Maharage!"

Ya kumi na moja akaandika Posta. Nikashusha pumzi, na ndipo nikanusa shati la mwalimu linaanza kuungua. Zile mbili za chini zimepita. Mwanangu amepona! Kwangu mimi angeweza kuandika Matofali pale kwenye ya kumi, tukafunga duka, tukaenda kula, hata hayo maharage. Lakini ya kumi akaandika Gereji. Ya tisa akaandika Walimu. Ya nane akaandika Daraja. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi furaha yangu ikaanza kuingia baridi. Huyu mtu anapanda na mtoto wangu mpaka wapi? Kumbe na kupanda nako kunatisha.

Ya saba: MATOFALI.

Ah! Hapo ndipo uliposikia mji.

"Mtoto wake huyo!"

"Leo kaongeza rangi ya tatu," alisema mwenye bucha kwa sauti ya mnadani, "rangi ya damu!" Watu walivunjika mbavu. Hata mimi ningecheka kama jambo lenyewe lisingekuwa la kwangu.

Mume wangu akageuka. Siku ya utabiri huwa hageuki mpaka amalize, kwa hiyo watu wakatulia.

"Nimekata," alisema.

"Umekata nini?"

"Timu hii, kocha wake angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningeiandika ya tano. Kwa kuwa ni mwanangu, nimekata nafasi mbili. Msije mkasema napendelea."

Watu wakatazamana. Kisha wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali, na wengine wakapiga makofi. "Hapo sawa," alisema mwenye bucha, "hiyo sasa ni haki." Mwenyekiti wa mikate akashusha mabega yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeridhika kabisa. Nikasema moyoni, mume wangu ana akili jamani, amewafunga midomo wote kwa kamba moja.

Aliyekataa alikuwa binti yangu. Alipita katikati ya viti mpaka akafika ukutani.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nafasi zangu mbili ziko wapi?"

Mume wangu akaangalia brashi.

"Nimezikata kwa ajili yako," alisema. "Ili watu wasikuseme."

"Mlango ni mtoto wako?" Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini kila mtu aliisikia. "Kipa wangu je? Wote wale wanaotoka tanurini na migongo inawauma, wanakuja mazoezini, ni watoto wako? Umewakata wote kwa sababu yangu. Kwa kocha mwingine yeyote wangekuwa wa tano, wakiwa na mimi ni wa saba. Kwa hiyo kwenye ukuta wako, Baba, mimi ni hasara ya nafasi mbili."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama yule mwenyekiti wa mikate na nikaona neno "hasara" linamwingia. Kwa kweli nilitamani mtoto wangu angenyamaza, achukue ya saba yake aende. Lakini alikuwa amesema ukweli, na baba yake alijua, maana uso ulimbadilika kama mtu aliyepigwa na kitu asichokiona kinakuja.

Akaingia karakana. Tukasikia makopo yanagongana. Akatoka na chupa ya mafuta ya taa na kitambaa.

"Anafuta!" mtu akasema, kama anayesema nyumba inaungua.

Akafuta. Rangi ilikuwa mbichi, ikatoka na kuacha doa la kijivu. Akasimama mbele ya doa lile, mgongo kwa watu, halafu akageuka, na akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja tangu siku aliyokuja kwetu kuposa.

"Nimekosea. Viwanja vyote nilikwenda mwenyewe, hicho kimoja nilikiogopa. Nilibebeshwa kikapu ndipo nikaenda. Nilichokiona pale ni watu wanaokubali kufundishwa, na mtu anayejua kuwafundisha. Wachezaji wenyewe si wa nafasi ya tano. Nawaambia ukweli, bila huyu kocha ningewaandika pale." Akaonyesha kwa brashi chini kabisa, chini ya Machinjioni.

"Chini yangu?" aliuliza mwenye bucha.

"Chini yako."

"Basi ni wabovu kweli," alisema mwenye bucha, na akakaa, kidogo amefarijika.

Mume wangu akaandika upya. Ya saba Stendi. Ya sita Reli. Ya tano akaandika MATOFALI, herufi kubwa nyeusi, na akavuta mstari mwekundu chini yake. Alivyoendelea juu mpaka bingwa sikufuatilia, na sidhani kama kuna mtu wa nyumba yetu aliyefuatilia. Machozi yalikuwa yananitoka juu ya shati la mwalimu, ambalo lilikuwa limeshaharibika hata hivyo.

Kocha wa zamani alisimama akiusoma ukuta kwa muda. Kisha akaenda kwa binti yangu, akampa mkono. "Mimi sikuwahi kufikiria kuhusu yale matofali," alisema. "Nilikuwa nawakataza kuchelewa kwa ajili ya matofali." Akashusha zipu yake kidogo, akaondoka zake, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

Mwenyekiti wa mikate akakohoa. Wiki zote hizo alikuwa akimwita "mwanangu". Sasa akamsogelea na kusema, "Kocha, mechi ya kwanza tunavaa jezi zipi, nyeupe au za kijani?"

"Za kijani, Mwenyekiti," alisema binti yangu. Mlango akamnyanyua juu mbele za watu, yeye na filimbi yake, mpaka nikapiga kelele amshushe, goti hilo.

Watu walipoanza kupungua, binti yangu alikaa na baba yake kwenye makopo matupu nje ya karakana, na hapo ndipo alipomweleza yote: maneno ya mwenyekiti, zile nafasi mbili za chini, Jumapili. Nilikuwa nakunja nguo karibu yao, na sikujificha. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nusura nife."

Akamrudia binti yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika kwa huruma."

Akakikunja kile kitambaa chake. Nilidhani ndiyo yameisha, maana kwetu mazungumzo huishia hapo. Lakini akasema, polepole, "Nilikuwa nimeshakupanga. Kabla sijaja. Nilikuwa nimekupanga wa kumi na mbili."

Nilitamani kumziba mdomo. Kuna ukweli mtu anaweza kwenda nao kaburini na asidaiwe na yeyote. Binti yangu alimtazama, na nikaona jinsi neno lile linavyomuuma, sikuona akijaribu kulificha.

"Bila kuja kuniona?"

"Bila kuja. Niliogopa nikija nitakuona unashindwa."

"Ulivyokuja tulikuwa tumefungwa matatu, Baba."

"Ndiyo," alisema mume wangu, akafuta macho kwa kitambaa kile kile cha mafuta ya taa, na hapo macho yakamwasha vibaya sana. Tukakimbilia maji, mimi na mwanangu, tukamwosha uso kama mtoto mchanga, huku yeye analia kwa mafuta na kwa hayo mengine, na sisi tunacheka na kulia pamoja naye.

Alipoweza kufungua macho, binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake na kikombe mkononi.

"Jumamosi tunaanza na Stendi," alisema. "Usije mwishoni kama unavyokwenda kwa wengine. Njoo mapema, ukae mpaka mwisho. Hata tukifungwa, ukae."

"Nitakaa," alisema mume wangu.

"Hata matatu?"

"Hata sita," alisema, na akamshika mkono, na hakuuachia mpaka watu wa mwisho walipobeba viti vyao kwenda nyumbani.